Kale Kanukta Kekundu

Ansima mwanangu,

Siku Mungu atahitaji foto ya pasipoti, hatahangaika. Atashuka Bukavu, atauliza watu wa barabara, "Murhula iko wapi?", na mutoto yeyote atamuleta mpaka ku mulango wangu. Nitamwambia akae sawa, ashushe bega, apunguze kidogo mwangaza wa uso, na nitamupiga foto moja tu. Moja. Itatoka neti, bila ukungu hata kidogo, mpaka kope.

Usicheke. Toka Nguba mpaka Kadutu hakuna mutu mwenye anapiga filme ya infraruji kwa mukono mutupu na foto inatoka kali sawa wembe. Niko mimi, kisha niko mimi tena nikiwa na homa, na nyuma yangu mbali kabisa, uko wewe. Wale vijana wenye kurusha madrone, usiniambie. Drone ni nzi yenye betri.

Niko nakuandikia jioni hii juu ya vile uko kwa Ma Faida anakusuka, na Ma Faida hamalizi kichwa cha mutu mbele ya kumaliza habari za mutaa muzima. Kwa hiyo niko na muda. Kesho asubuhi ni boti ya Goma, na toka Goma mpaka Kampala kwa tante Noella, kujifunza foto ku masomo ya kweli, yenye kuwa na viti na diplome. Mimi nilifika mwaka wa pili wa sekondari, nikaona wananichelewesha, nikatoka. Muzee prefe wa masomo anaisimulia kwa namna ingine, lakini yeye hana apareyi ya foto.

Mambo ya kufunga valizi, ya kula kidogo mbele ya kupanda boti, ya wavulana wa Kampala, siyagusi. Tante yako atayasema mpaka utatamani kuogelea kurudi. Mimi na wewe tuko na jambo lingine. Toka dimanche, Jumapili yenye ilipita, hatusemezani vizuri. Unanisalimia sawa vile mutu anasalimia askari wa bariera: kwa adabu, na bila kusimama.

Najua ni juu ya nini. Dimanche ulikamata ile foto ya maman yako, ile moja, hatuna ingine mu dunia, ukaiingiza mu simu, ukaipitisha mu ile aplikasyo yenye kuondoa ukungu. Ukakuja mbio toka chumbani. "Papa, angalia! Maman!" Nikaangalia. Simu ilikuwa imemupa pua nyembamba, na meno yamepangwa sawa matofali, na macho ya mutu mwenye sijawahi kukutana naye. Nikakunyanganya simu, nikafuta. Ukalia. Kisha ukasema, na ulisema polepole, njo maana iliniingia: "Kama angetulia sekunde moja tu, ningejua uso wake. Sekunde moja, papa. Hiyo tu ilimushinda kunipa."

Nikatoka inje, nikapanguza objektifu, lile jicho la apareyi, na haikuwa na vumbi.

Sasa acha nikufundishe kitu. Unafikiri nilishakufundisha yote ya infraruji. Nilikufundisha yote isipokuwa moja, na hiyo moja niliiacha kwa makusudi. Tutafika. Usiruke kurasa, nakujua.

Nilikuwa na miaka kumi na nane wakati ule muzungu alifika. Muzee mumoja mwenye miguu mirefu sawa korongo, alikuwa anatafuta kijana wa kubeba mizigo na kujua barabara. Nikamwambia najua barabara zote za Kivu ya Kusini, na zingine zenye bado hazijatengenezwa. Akacheka, akanichukua. Nilikuwa nabeba sakoshi ya filme, na ile miguu mitatu ya chuma ya kusimamishia apareyi.

Filme yake ilikuwa na uchawi. Inaona mwangaza wenye jicho letu halioni. Majani yanatoka meupe sawa pamba. Ziwa linatoka jeusi. Na mutu, hata awe mweusi sawa mimi, anatoka na ngozi ya maziwa na macho ya shimo. Wewe unakumbuka ule bibi wa Nguba mwenye nilimupigia foto za birthday miaka iko nyuma, nikataka kumushangaza na infraruji? Ulikuwa umeshika mwavuli. "Weye kijana! Nilikuita unipige foto ama ulikuja kunizika?" Kiatu chake kilipita hapa, karibu na sikio langu. Na bado ninasema ile foto ilikuwa nzuri. Ungeweza kuhesabu nyuzi za wigi.

Kupiga kwa mukono tulifundishwa na askari, kule Luberizi. Tulikuwa pembeni ya mashamba ya mupunga. Muzungu amelala juu ya tumbo mu majani, mimi nimeweka ile miguu mitatu mbele yake, na nimeifunika kitambaa juu ya jua kali. Sasa ujiulize mwenyewe. Mutu amelala tumboni mu mupunga, mbele yake iko chuma ya miguu mitatu, imefunikwa, inaangalia barabara. Inafanana na nini?

"Mikono juu! Hiyo mashini inapiga mita ngapi?"

"Afande, inapiga foto."

"Foto yenye miguu mitatu? Unaniona mujinga, petit?"

Walituketisha mu matope mpaka saa nane. Komanda alikuwa anaangalia ndani ya objektifu sawa mutu anaangalia ndani ya chupa yenye imekwisha. Mwishoni nikamwambia, "Mon komanda, uso huu wako ni wa kuweka ku noti ya pesa." Akanyoosha kofia. Tukamupiga foto tatu, akatuachilia. Miguu mitatu akabaki nayo. Labda mpaka leo iko inalinda mupunga.

Toka siku ile, mukono. Na mukono na infraruji hawapendani. Filme hii iko na usingizi. Ukiiwekea filtre nyeusi, kile kioo cha mbele ya objektifu chenye kufunga mwangaza wote tunaouona, inaomba muda mrefu, na mukono wa binadamu hauwezi kutulia muda ule. Muzungu aliitupa chini ya sakoshi, akachukua ile nyekundu ya kukolea, rangi ya divai ya misa. Hiyo unaona kupitia ndani yake, na unaweza kwenda haraka, sekunde moja igawanywe mara 125, kama jua liko juu ya kichwa na majani yanawaka. Lakini haya ulijua mbele ya kujua kusoma saa.

Kutulia kwenyewe, hata hivyo, hakunifundisha muzungu. Alinifundisha mama yangu, koko wako. Unajua alibeba magunia ya unga toka bandarini mpaka Kadutu miaka yake yote, kamba ku paji la uso. Nilikuwa natembea nyuma yake, mutoto wa kamasi. Mbele ya kusimama na muzigo alikuwa anatoa pumzi yote, hmmmm, mpaka anabaki mutupu. Hapo njo anainuka. "Pumzi ikibaki mu kifua inasukuma mutu," alisema. "Unaanguka juu ya hewa yako mwenyewe." Sasa, siku moja muzungu anahangaika, foto zake za mukono zinatoka zimetikisika zote. Nikamuomba apareyi. Nikabana viwiko ku mbavu. Nikatoa pumzi ya koko wako, na kule chini kabisa, mahali pumzi moja imekwisha na ingine haijakuja, nikafinya polepole, sawa unafinya avoka kujua kama imeiva. Ilitoka neti. Muzungu akaangalia, akasema kitu kwa lugha yao. Nikajitafsiria mwenyewe: fundi.

Njo vile nilianza kuharibika.

Siku ya kurudi kwao aliniachia apareyi yake ya zamani, hii utaibeba kesho, na filme moja ya infraruji. Moja. Alifungua mulango wa jeep, akanikalisha, akaanza kunionyesha pete ya objektifu, ile ya kuzungusha kwa kupima mbali na karibu. Hapa musitari mweupe. Hapa pembeni yake, unaona, kanukta kekundu, kadogo sawa yai la chawa. Akaanza kueleza kanafanya nini. Nami nikasema, "Najua, patron, najua." Akaanza tena. "Najua, najua." Nilikuwa najiangalia mu kioo cha jeep, apareyi ku shingo. Ansima, nilikuwa muzuri siku ile. Tungekuwa na foto yake, wasichana wote wa Kampala wangeomba niwaoe.

Maman yako alikuwa amesimama pale, na tumbo lako mbele. Akanivuta shati.

"Muulize tena. Haukusikiliza."

"Nabintu, kuuliza ni kazi ya wenye hawajui."

"Njo maana nasema uulize."

Jeep ikaondoka.

Acha nikupe maman yako kidogo hapa, juu foto haikukupa. Alikuwa mutoto wa Kalehe. Alikuja hapa kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na alikuwa anapima kwa kikombe, na kidole gumba chake hakikuingia hata siku moja ndani ya kikombe, unajua wauzaji wengine. Aliniita Murhula wa Maneno. Jino lake moja la mbele lilipanda juu ya mwenzake, kidogo tu, sawa mutu anachungulia nyuma ya mulango, na juu ya jino lile alikuwa anacheka na mukono ku mudomo. Nilimuambia mara nyingi autoe mukono. Aliutoa mara moja moja, na siku hizo sikuwa na kazi ingine. Simu yako dimanche ilimunyoosha meno. Njo maana nilifuta. Ningekuambia hivi pale pale, lakini nikachukua hasira juu njo ilikuwa karibu.

Alikuwa na makovu mawili madogo ku nyusi ya kushoto. Alikuwa anaimba ovyo. Alikuwa na miaka kumi na nane, sawa mimi. Tulikuwa watoto wawili wenye kupanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu, kule Nguba, tunasikia wenye nyumba wanatembea juu ya simenti, na tunacheka chini ya kikwembe, kitenge kimoja.

Ulipozaliwa, moyo wake ulichoka. Miguu ilivimba, ngazi tatu zilimukata pumzi. Daktari akatuita, akasema moyo umekuwa mukubwa kupita kipimo. Nikamwambia, "Daktari, hiyo nilijua zamani, huyu iko na moyo mukubwa." Niliona ni mazaha mazuri. Daktari hakucheka. Nabintu alicheka, kwa ajili nisibaki peke yangu.

Ulikuwa na miezi kumi siku aliniomba.

"Papa Ansima, nipige foto na mutoto. Ya kawaida. Ya rangi. Uso uonekane."

"Ya kawaida ni ya kadi ya kura. Nitakupiga na infraruji. Utatoka sawa malaika."

"Sitaki kutoka malaika. Nataka kutoka mimi."

Nikamwambia hajui sanaa.

Filme ilikuwa imebaki na foto mbili. Zile thelathini na ine nilishamaliza: ziwa, visiwa, manyumba ya wakubwa, mimi ku ngazi, mimi mu dirisha, mimi na miwani ya rafiki yangu Jospin. Na mbili zile, moja nilishamuahidi Jospin, juu alikuwa amenunua pikipiki mupya.

Alikaa mu kivuli nyuma ya chumba, juu jua lilikuwa linamuumiza. Nyuma yake iko lupango, ugo wa majani, na kamba ya nguo. Sasa fikiri sawa mupiga foto, usifikiri sawa mutoto wake. Kivuli. Filme yenye usingizi. Filtre nyekundu. Ilinibidi kufungua tundu la objektifu yote, mwangaza uingie. Mu jua, ukifunga tundu lile mpaka namba 11, hata mujinga anaokoka: sehemu yenye kutoka neti inakuwa nene, inafunika kosa. Njo maana ziwa langu lilitoka vizuri, nikaamini nilijua. Lakini ukifungua yote, neti inabaki nyembamba sawa karatasi. Hapo pete inapaswa kukaa mahali pake hasa.

Mbele ya kufinya nilimuambia, "Usitikisike."

"Na mutoto?"

"Amelala. Umushike tu. Na utoe pumzi yote, sawa koko."

Akakuweka sawa ku bega lake. Akatoa pumzi. Pumzi yake ile ndogo, yenye alikuwa anaitafuta usiku muzima akiwa ameketi juu kulala chini kulimushinda, ile aliitoa yote, akabaki mutupu, ananiangalia. Hakuweka mukono ku mudomo. Jino liko inje. Mikono yake yote miwili ilikuwa imekushika.

Nikapiga.

"Ongeza moja," akasema, alipopata hewa.

"Mukono huu haukosei."

Nikaenda kupiga pikipiki ya Jospin.

Sasa somo lako, lile moja. Kesho, ukishakaa mu boti na Bukavu ikianza kuwa kadogo, fungua mufuko wa pembeni wa sakoshi. Humo nimeweka negative ya foto ile, na lupe, kioo cha kukuzia. Negative, si karatasi; karatasi imeshikwashikwa. Iinue ku mwangaza wa dirisha. Angalia kwanza nyuma ya maman yako. Majani: kila moja liko na ukingo. Vibano vya nguo ku kamba: utahesabu meno yake. Kwa hiyo mukono wangu haukutikisika, hilo walau mimi si muongo. Kisha angalia hereni zake. Zilikuwa na vijiwe vya kung'aa, vya soko, viwili kila upande. Kitu chenye kutikisika kinavuta mwangaza, kinafanya musitari, sawa mukia wa kimondo. Kitu chenye kipimo kilikosewa, mwangaza wake unavimba, unafanya duara. Hiyo sikukufundisha. Miaka yote ulikuwa unaniuliza, "Papa, hii flu, huu ukungu, ni wa kutikisika ama ni wa kipimo?", na mimi nakujibu, "Flu ni flu, itupe." Mupiga foto mukubwa wa Bukavu anajibu hivyo mutoto wake. Niliogopa siku utajua, utafungua albamu.

Utaona duara ine. Safi, sawa zimechorwa na kompa ya hesabu.

Mwangaza wa infraruji hausimami mahali wetu unasimama. Ukipima kwa jicho, unachokitaka kinatoka na ukungu, na neti inakimbilia nyuma yake. Kwa hiyo ukishapima, unasoma mita ngapi ku musitari mweupe, na unazungusha pete mpaka namba ile ikae mbele ya kanukta kekundu. Unazungusha kidogo sana. Upana wa punje ya mupunga. Njo hiyo muzungu alikuwa anataka kuniambia, na mimi nilikuwa mu kioo.

Huko Kampala utakuwa na walimu. Na wewe ni wangu, kwa hiyo nakujua: watafungua mudomo na wewe utasema unajua. Sitakukataza. Mimi hakuna mwenye aliweza. Nakuambia tu vile punje moja ya mupunga inakuwa nzito.

Ungeweza kusimama hapa, Ansima. Ungesema, papa alikuwa kijana, hakujua, alikosea pete. Watu wote wanakosea pete. Nilitaka barua iishie hapa. Nimeamka, nimepasha chai, nimerudi kukaa. Ma Faida bado hajakuachilia, namusikia anacheka mpaka huku.

Filme ile tuliisafisha mu chumba cheusi cha muzee Kahasha, mupiga foto wa zamani mwenye alikuwa ananiacha nitumie vyombo vyake. Pikipiki ya Jospin ilitoka nzuri, mu jua kali, ungesoma maandishi ku tairi. Ni foto neti kuliko zote za maisha yangu. Kisha tukafika ku Nabintu. Muzee Kahasha akaweka lupe, akaangalia muda mrefu. Akanipa niangalie.

"Kijana, nyuma yake ni wembe," akasema. "Na hereni zimekuwa duara. Muke wako alitulia sawa mulima. Haukuzungusha pete ku nukta. Hawakukuambia?"

"Waliniambia," nikasema.

"Mupige tena. Filme ya kawaida niko nayo hapa, chukua."

Nikasema sina haja, nitapata ingine ya infraruji, nitamupiga dimanche. Sikutaka kuondoka pale nikibeba filme ya kadi ya kura mbele ya macho yake.

Nilipanda nyumbani na foto mu mufuko. Nabintu alikuwa ameegemea ukuta juu ya mito mitatu, wewe unacheza na kikombe chake cha kupimia. Akafurahi mbele hajaiona. Akaishika na ncha za vidole, kwa pembe, sawa nilivyomufundisha. Akaangalia. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, alidhani ni macho yake. Akaniangalia.

"Siko ndani," akasema. "Majani yako ndani. Mimi siko."

Na mimi nilikuwa nimetoka kwa muzee Kahasha saa ileile. Maneno yake yalikuwa bado ya moto mu sikio langu. Haikuwa kutojua tena. Nikamwambia, "Ulitikisika."

Akashika foto ile juu ya magoti yake. Hakubisha, yeye mwenye alikuwa anabishana na mimi hata juu ya bei ya chumvi. Akasema, "Unisamehe, papa Ansima. Pumzi ilinishinda." Kisha akakugeukia wewe, akakupanguza mudomo, akakuambia na wewe, ungali haujui hata neno: "Unisamehe, maman yangu. Nilijaribu kutulia."

Dimanche haikufika. Moyo wake ulisimama vendredi, ile Ijumaa, asubuhi, ameketi.

Hakutikisika, mwanangu. Sekunde ile ulisema ilimushinda, alikupa yote, na pumzi juu yake. Aliomba musamaha, wewe na mimi, juu ya kosa lenye nilikuwa nimelishika mu mukono wangu, na nilikuwa najua ni langu, na nilimuacha aombe. Nikamujibu, "Si kitu."

Papa yako,
Murhula